Kutoa Vitu vya Nyumbani Mombasa Mpaka Vifike na Vitumike: Mwongozo Kamili

Kila watu wakihama nyumba, na khasa Ramadhani au Krismasi ikikaribia, napokea malalamiko yale yale ya watu waliotoa vitu vyao vya nyumbani kama msaada. Mmoja amepeleka magunia matatu makao ya watoto yakakataliwa getini. Mwengine kampa mtu avifikishe, mpaka leo hajui viliishia wapi. Mwengine katoa friji, wiki ya pili anapigiwa simu aje aichukue. Basi leo naandika yote pamoja, hatua kwa hatua.

Mimi nimekaa upande wa kupokea. Miaka kadhaa sasa Jumamosi zangu nasaidia kwenye makao ya watoto huku Kisauni, nshafungua magunia mengi, na jambo moja nimeliona wazi: kazi ya kutoa inafanyika nyumbani kwako, si getini kwa watu. Usichochambua wewe atachambua matron ambaye ana watoto wa kuogesha, na usichotupa wewe atalipia yeye kukitupa, kwa pesa ambazo zingenunua unga.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Magunia masafi matatu au manne, na katoni za dukani zenye nguvu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hivyo usianze kutafuta jwala.
- Maka pen, selotepu pana, kamba ya katani.
- Sabuni ya unga, siki, brashi ngumu, ndoo mbili.
- Sindano, uzi, vifungo na zipu za akiba.
- Testa na bisibisi.
- Daftari na kalamu. Usiandike kwenye simu tu, hii listi itatiwa sahihi baadaye.
- Pembe moja ya nyumba iliyo kavu, tandika mkeka uweke vitu juu yake. Usiviegemeze kwenye ukuta unaotoa chumvi, nyumba nyingi za hapa mjini kuta zanyonya maji na nguo itaota ukungu kabla hujaifikisha.
- Muda. Jipe wiki mbili. Anayetaka kumaliza kwa siku moja ndiye huyo anayejaza gunia na kila kilicho mbele yake.

## Hatua ya 1: Zunguka nyumba na daftari, usiguse kitu

Anza chumba cha nyuma, maliza jikoni. Andika kila kitu usichokitumia na hali yake: kizima, kinataka kutengenezwa, kibovu. Usikitoe mahali pake bado, kwa sababu ukianza kurundika kabla ya kuandika utachoka katikati, na ukichoka utatia kila kitu gunia moja.

Mbele ya kila kitu jiulize hivi: shangazi yangu akija leo kutoka shamba, ningempa hiki mkononi mbele ya watu? Ikiwa ungeona haya, hicho si cha kutoa. Hata madrasa tulifunzwa tangu wadogo, usitoe sadaka kile ambacho wewe mwenyewe ukipewa utakipokea kwa kufumba macho.

Hatua hii imekwisha ukiwa na kurasa zenye makundi manne: cha kutoa, cha kutengeneza kwanza, cha kuuzia watu wa vyuma chakavu, cha kutupa. Kundi la mwisho likitoka tupu kabisa rudia kuzunguka, manake kila nyumba ina kitu cha kutupa.

## Hatua ya 2: Tafuta anayehitaji, kabla ya kufunga chochote

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanafunga kwanza, wanapakia, halafu ndio wanauliza "tupeleke wapi?" na kwa sababu gari limeshapakiwa watapeleka popote palipo karibu.

Jua kwanza aina ya mpokeaji, kwa sababu vitu vinatofautiana.

Makao ya watoto. Yanahitaji mashuka, magodoro mazima, viatu vya shule, neti, vitabu. Sufuria zako za nyumbani mara nyingi hazina kazi kule, anayepikia watu 40 anapika kwa sufuria kubwa ya shughuli.

Familia moja kwa moja. Mimi naipenda njia hii kuliko zote kwa vyombo vya nyumbani. Mzee wa mtaa, kiongozi wa Nyumba Kumi, imamu wa msikiti au viongozi wa kanisa wanajua ni nani nyumba yake imeungua, nani kafiwa na mume, nani kahamia hana hata jiko. Sufuria nne na kabati la vyombo kwa mtu kama huyo ni nyumba nzima.

Na kuna familia ambazo watu hawazifikirii. Serikali ina mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha kulelewa na jamaa zao. Sasa nyanya anayerudishiwa wajukuu wawili anahitaji godoro, neti, shuka, sahani. Muulize afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako kama kuna familia ya namna hiyo, atakuunganisha kwa njia inayofaa bila kumwaga siri za mtoto.

Vifaa vya watu wenye ulemavu. Kiti cha magurudumu na magongo usipeleke popote tu. Kiti kisichomtosha mtu kinamtoa vidonda, kwa hivyo lazima apimwe. Waulize APDK, lile shirika la watu wenye ulemavu wa viungo, wale wenye karakana pale Bombolulu, au idara ya mazoezi ya viungo ya hospitali iliyo karibu nawe.

Mafuriko na moto. Mvua kubwa zikipiga au mtaa ukiungua, wapigie Msalaba Mwekundu nambari 1199 uulize kama wanapokea vitu na ni vipi. Usipakie kabla ya jibu, wakati wa maafa nguo kuukuu zinajaa njiani na kinachokosekana ni blanketi na vyombo vya kuwekea maji.

Rihabu (vituo vya kuacha dawa za kulevya), vyuo vya ufundi, madarasa ya watoto wenye mahitaji maalum. Hawa wanasahaulika sana. Cherehani yako, pasi, vifaa vya seremala, vinawafaa mno.

### Kuhakikisha kuwa ni watu wa kweli

Makao ya watoto yanatakiwa yasajiliwe na NCCS, lile baraza la kitaifa la huduma za watoto, chini ya Sheria ya Watoto ya 2022. Vikundi vya mtaani vinasajiliwa ofisi ya maendeleo ya jamii, na mashirika makubwa yana mamlaka yao ambayo sheria yake ilianza kufanya kazi Mei 2024. Uliza cheti. Mtu wa kweli hatakasirika, atakuonyesha, na mara nyingi kimetundikwa ukutani.

Mombasa ina kaunti ndogo sita, Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, na maafisa wa watoto wapo huko. Ukiwa na shaka uliza ofisini: haya makao mnayajua?

Onyo. Ukiona anakataa usitembelee mchana, au anakwambia "wewe tuma pesa ya usafiri kwa M-Pesa sisi tutakuja kuchukua", au unapofika watoto wanapangwa mstari wakuimbie ndio utoe zaidi, ondoka. Na ukiona mtoto ananyanyaswa piga 116, ni bure, usingoje mpaka urudi nyumbani.

Umefaulu hapa ukiwa na majina mawili au matatu ya wapokeaji, si mmoja, kwa sababu hakuna sehemu moja inayohitaji kila kitu chako.

## Hatua ya 3: Uliza, na ukubali kuambiwa hapana

Tuma meseji yenye idadi na saizi. "Nina vitu nataka kuleta" haimsaidii mtu. Andika kama hivi:

*"Assalaam alaykum mama. Nakuandikia kutoka Tudor. Nina vitu vya nyumbani nataka kutoa: godoro 1 la futi 3 kwa 6, sufuria 4 za kawaida, feni 1 ya kusimama inafanya kazi, viatu vya shule vyeusi pea 5, saizi 2 hadi 5. Je, kuna mnavyohitaji? Visivyohitajika nambie tu mama, sitavileta. Na siku gani mnapokea?"*

Ile sentensi ya "visivyohitajika nambie tu" usiiache. Watu wetu wanaona haya kumkatalia mtoaji, watapokea kila kitu kisha wabaki na mzigo. Ukimfungulia mlango mwenyewe, atakwambia ukweli:

*"Waalaykum salaam mwanangu. Godoro na viatu tutashukuru sana, na feni pia. Sufuria za saizi hio tunazo nyingi. Njoo Jumamosi kabla ya adhuhuri."*

Chukua daftari, andika jina la mpokeaji mbele ya kila kitu. Kisicho na jina kinasubiri, hakifungwi.

## Hatua ya 4: Chambua, tengeneza, safisha

Hii ndio hatua ndefu, na kipe kila kitu haki yake.

### Nguo, leso, mashuka

Fua, anika juani zikauke kabisa, kisha ziache ndani usiku mmoja na uziguse asubuhi. Kama bado zina ubaridi wa maji usifunge. Hewa yetu hii ya pwani ina unyevu mwingi mno, nguo iliyofungwa mbichi kidogo tu inatoa harufu na madoadoa meusi ndani ya siku chache. Nshafungua gunia zima la mabuibui na madera mazuri, mengine hayajavaliwa hata mara moja, yote yameota ukungu kwa sababu ya taulo moja bichi iliyotiwa katikati. Tulitupa zaidi ya nusu, na yule dada aliyeleta alikuwa na nia safi kabisa.

Rudisha vifungo, shona palipofumuka, badilisha zipu. Viatu fungeni pea kwa kamba zake, kiatu kimoja kimoja hakina mwenyewe.

Chupi, sidiria na soksi zilizovaliwa usitoe. Ukitaka kuwasaidia kwa hizo nunua mpya, na pedi za wasichana pia, hizo hakuna atakayezikataa.

### Godoro na kunguni

Angalia kwenye mishono, chini ya lebo na pembeni ukitumia tochi ya simu. Vidoa vyeusi kama vya wino, maganda mepesi ya rangi ya kahawia, au kunguni mwenyewe, basi hilo godoro halitolewi. Jua la Mombasa peke yake halitoshi, kunguni anakimbilia ndani ya sponji ambako joto halifiki, na anaweza kukaa miezi bila kula. Godoro moja linaweza kuambukiza bweni zima, halafu watoto hawalali, na kupiga dawa bweni zima si pesa kidogo.

Mashuka ya nyumba yenye kunguni yanaokolewa kwa maji ya moto, nyuzi 60 kwenda juu, kwa hivyo yale ya pamba yanayostahimili yachemshe. Yasiyostahimili yaache.

Godoro zima lisafishe kwa brashi na siki kidogo, lisimamishe juani siku mbili pande zote. Ukilibonyeza likabaki na shimo, limekufa.

### Vyombo na jiko

Vikombe vilivyopasuka na sahani zenye nyufa tupa. Sufuria zisugue mpaka chini. Mbuzi ya kukunia nazi angalia meno yake, kama yameliwa na kutu mpelekee fundi ayanoe au uiache. Chupa ya chai iliyopoteza joto si ya kutoa, jaribu kwanza: tia maji moto usiku, asubuhi fungua uone.

Mtungi wa gesi ni chombo kizuri sana kumpa familia inayopikia makaa, ila mpe na burner na kile kichwa cha kufungia, regileta, vilivyo vizima. Paipu ya mpira nunua mpya, ya zamani inakauka na kupasuka na gesi inavuja. Kila maungio yapake povu la sabuni, ukiona mapovu yanafura kuna mvujo. Na umuonyeshe mpokeaji kuwasha na kuzima, usiondoke mpaka amefanya yeye mwenyewe mara mbili.

### Vitu vya umeme

Soma lebo ya nyuma. Kenya tunatumia volti 240. Nyumba nyingi hapa tuna vitu vilivyoletwa na jamaa walioko Saudia, na vingine vimeandikwa 110 au 127. Ukikichomeka hicho moja kwa moja kinaungua, na kikiungua kwa mtu mwengine ni hatari uliyomkabidhi wewe. Ikiwa lebo inasema 220 hadi 240 sawa, badilisha tu plagi iwe ya miguu mitatu.

Washa kila kitu kwa nusu saa nzima, si kuchomeka na kuchomoa. Feni isikilize, pasi iangalie waya pale unapoingia kwenye mkono wake ndipo unapokatika, kutu ya chumvi ichunguze kwenye skrubu na miguu ya plagi. Waya uliofungwa selotepu mpe fundi aubadilishe wote.

Friji iache wazi siku moja ikauke ndani, isafishe kwa maji ya baking soda, na wakati wa kubeba isimamishwe wima. Zile friji zinazorudishwa nyingi zilisafirishwa zimelazwa, zikawashwa papo hapo, mafuta ya kompresa yameingia kwenye mabomba, na mashine ikafa. Ikibidi kulazwa, isimame siku nzima kabla ya kuwashwa, na hata kama ilisimama njia yote ipe saa kadhaa. Andika maneno haya kwenye karatasi, yabandike mlangoni.

### Simu na kompyuta

Toa laini, toa memori kadi. Kisha, kabla ya kufuta kitu, ingia kwenye setingi uondoe akaunti yako ya Google, au kwa iPhone utoke iCloud. Baada ya hapo ndio urudishe simu kama ilivyotoka dukani.

Mpangilio huu ndio unaowashinda wengi. Ukifuta kwanza bila kuondoa akaunti, simu itawaka iombe nywila yako, na mpokeaji hawezi kuipita. Tulikuwa na tableti sita nzuri za watoto zimekaa kabatini karibu mwaka, kila moja inaomba barua pepe ya mtu ambaye ameshahama mji. Iwashe upya mwenyewe uone inafika mpaka mwanzo bila kukuuliza jina lako, hapo ndio imekuwa tayari.

### Vitabu

KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi wa mtaala wa zamani wa 8-4-4, ya mwisho ilifanywa 2023. Vitabu vya shule ya msingi vya mtaala wa zamani havina darasa tena, visihamishwe kutoka kabati lako kwenda kabati la wengine. Vya sekondari vya 8-4-4 vina muda bado, kwa sababu wale waliofanya hio KCPE watakaa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, 2027, lakini uliza shule kwanza wamebakiwa na vidato vipi. Hadithi, kamusi, atlasi na misahafu havipitwi na wakati. Misahafu na vitabu vya dini vifunge peke yake kwenye kitambaa safi, visiwekwe chini ya viatu.

## Hatua ya 5: Ondoa visivyotolewa kabisa

Dawa, hata zile hazijafunguliwa. Ziulizie duka la dawa au hospitali. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga na chupa za kunyonyea zilizotumika. Vipodozi vilivyofunguliwa. Chakula kilichokaribia kuisha tarehe. Helmeti iliyowahi kuanguka na mtu. Neti yenye matundu mengi kuliko unavyoweza kushona. Visu vinatolewa, lakini mwambie mpokeaji mapema na uvifunge kwa katoni, usivifiche kati ya nguo, mtoto ndiye atakayetia mkono wa kwanza.

Halafu kagua mifuko yote ya nguo na droo zote za kabati. Tumekuta vitambulisho, hati za kliniki, pete ya dhahabu. Kile cheti cha kuzaliwa kilichosahaulika kitakusumbua mwezi mzima.

## Hatua ya 6: Funga kwa mpokeaji, si kwa chumba

Watu hufunga "vya jikoni", "vya chumbani". Wewe funga kwa jina la anayepokea, kisha ndani yake kwa saizi. Nguo za watoto ziandike umri: miaka 3 hadi 5, 6 hadi 8. Kwa nje andika kwa maka pen kilichomo na idadi, pande mbili za katoni.

Katoni isizidi kilo 15. Jipime: kama huwezi kuiinua peke yako bila kugeuza uso, imezidi. Vitabu vijaze katoni ndogo tu. Gunia usilijaze mpaka mdomo, acha nafasi ya kushika.

Vyombo vya kuvunjika vizungushie leso kuukuu au magazeti.

Andika listi mara mbili, nakala moja yako, moja yao. Ukimaliza piga picha magunia yakiwa yamepangwa. Mtu mgeni akiingia chumbani sasa hivi awe anaweza kusema kila gunia linaenda wapi bila kukuuliza.

## Hatua ya 7: Usafiri

Patana bei kabla ya kupakia, na useme wazi kama kuna ngazi.

Tuktuk inabeba katoni nne tano na inaingia vichochoro vya Mji wa Kale na Majengo ambako pikapu haipiti. Mkokoteni ni mzuri kwa karibu, na hamali anajua kufunga mzigo kuliko sisi sote, msikize. Friji, kabati na godoro vitafutie pikapu na turubai, hata kama asubuhi jua linawaka. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua ya hapa haikupi hata dakika tano za kufunika.

Ukivuka kwa feri ya Likoni, toka mapema asubuhi au katikati ya mchana, usiingie foleni ya jioni na mzigo wazi.

Mtungi wa gesi usisafirishe kwenye buti iliyofungwa pamoja na nguo. Usimame wima, nyuma ya pikapu, umefungwa kamba.

Na nenda mwenyewe. Najua kazi ni nyingi, lakini nusu ya malalamiko ya "havikufika" yanaanzia kwenye kumtuma mtu anayemjua mtu. Kama huwezi kabisa, mtume jamaa yako pamoja na listi, na umpigie mpokeaji simu gari likiondoka.

## Hatua ya 8: Kukabidhi

Fika siku na saa mliyopatana. Saa ya chakula cha watoto au ya swala si wakati wa kushusha kabati.

Salimia, keti kama umekaribishwa, soma listi pamoja na mpokeaji, kitu baada ya kitu. Vya umeme viwashwe pale pale mbele yake. Tieni sahihi nyote wawili, na tarehe, nakala moja ibaki. Hii si kutoaminiana. Makao yanakaguliwa, na listi yako inamsaidia matron kueleza vitu vyake vimetoka wapi.

Jambo linaloniumiza ni la picha. Usiwapige watoto picha wameshika viatu ulivyowaletea, na usimpige mama wa watu picha na godoro lake ukaiweka kwenye statasi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kuna Sheria ya Watoto, lakini hata zisingekuwepo, mtoto yule kesho ataenda shule na wenzake watakuwa wameshaiona. Ukitaka kumbukumbu piga picha vitu, au listi yenye sahihi.

Mpokeaji akikataa kitu pale pale, kirudishe garini kwa uso mkunjufu. Usiseme "basi wekeni tu hapo".

## Hatua ya 9: Kilichobaki kwako

Taulo na fulana zisizovalika zikate vipande uwapelekee mafundi wa gereji, wanahitaji matambara kila siku. Sufuria zilizotoboka, vyuma vya feni na fremu za kitanda wauzie wa vyuma chakavu. Nguo nzuri zisizopata mpokeaji unaweza kuwauzia akina mama wa mitumba pale Kongowea, kisha zile pesa ukanunulia kile makao walichokuomba. Hio nayo ni njia nzuri sana na haina aibu yoyote.

Simu zilizokufa, betri, televisheni za mgongo na balbu ndefu za tyubu usichanganye na taka za jikoni, zina madini yenye sumu, risasi na zebaki. Ziweke katoni peke yake, waulize wanaokusanya taka za elektroniki au duka la simu kubwa kama wanapokea. Usizichome moto nyuma ya nyumba na usimruhusu mtu azichome apate shaba, ule moshi unaingia kwa watoto wa jirani.

Vilivyobaki kabisa vipe gari la taka la mtaa wenu linaloshusha Mwakirunge, ulipie wewe.

## Hatua ya 10: Baada ya wiki tatu, piga simu

Usiulize kama walifurahi. Uliza mambo mawili: kipi kimeharibika, na kipi hakikutumika. Kama feni imekufa, mtume fundi au uende uichukue. Kama kuna katoni haijafunguliwa, omba ruhusa uihamishe kwa jina la pili kwenye listi yako.

Majibu yaandike kwenye ile nakala ya listi, pembeni ya kila kitu, kwa kalamu ya rangi nyengine. Kisha uliza wanahitaji nini kwa muhula ujao, uandike chini kabisa, na karatasi hio iweke ndani ya mlango wa kabati, pale utakapoiona siku ukianza kutoa nguo tena.